Bisibisi Sikioni

Baba aliegemeza ncha ya bisibisi kwenye kifuniko cha gia za nyuma za pikipiki, akaweka mpini sikioni, akafumba macho. Ndivyo anavyosikiliza pikipiki za shafti, zinazozungusha gurudumu kwa mhimili wa chuma. Hizi, husema, hazina mnyororo wa kusingizia kelele.

Nikazungusha gurudumu polepole.

Kru, kru, kru. Mimi nilikuwa nazungusha tu, sina bisibisi, na bado niliusikia mkwaruzo ule kama mtu anayetafuna mchanga.

Baba akafumbua macho. "Salama kabisa," akamwambia mkunga aliyeileta. "Nenda kazini, mama."

Nilidhani anatania. Mtaa mzima unamwita Masikio. Kisha nikakumbuka redio yetu, jinsi anavyoipandisha sauti siku hizi kila asubuhi mpaka jirani anagonga ukuta.

Mkunga alikuwa ameshavaa helmeti. Njia yake ni mteremko mtupu, na gia zile zikikwama, gurudumu nalo linakwama.

Sikutaka kumwumbua baba mbele ya mteja. Nilishika kiganja chake, kilichojaa grisi kwenye kila mkunjo, nikakilaza juu ya kifuniko, nikazungusha tena.

Vidole vyake vikatetemeka pamoja na chuma. Hakuvitoa. Alivitazama muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Basi niende, fundi?" mkunga akauliza.

Baba akanikabidhi bisibisi. Mpini ulikuwa bado na joto la sikio lake.

"Muulize fundi," akasema.