Ziwa Moja

Bibi wanne waliingia ukumbini kwa marehemu Mzee Mcha, Malindi, wamejitanda kanga mpya za rangi moja, bado zikinukia duka. Borafya, aliyezinunua, aliwaonyesha pa kukaa kwa adabu ya kupokea wafalme.

Arubaini ya mzee ilikuwa haijasomwa. Wasia wake ulimfanya Borafya, mwanawe wa pekee, msimamizi wa mirathi, na msimamizi hakulaza damu. Alikuwa keshaandika jina lake kwa chaki chini ya viti, nyuma ya saa ya ukutani na kwenye tako la gramafoni. Kilichomkwama kooni kama mwiba wa changu ni thumni, fungu la mjane, Bi Mwanamwema, aliyekuwa amekaa eda nyuma ya pazia.

Mjane huyo alihudumiwa na Mwatum, mke kijana wa Borafya. Kila asubuhi Mwatum alimnywesha uji, akamkanda miguu, akamsuka. Borafya hakuwa na alichomnyima Mwatum duniani, na asipomwona hata chakula hakikumpita. Hili tu lilimuudhi. Siku ya shauri alimweka jikoni, awapikie yeye na kadhi pilau.

Mkubwa wa bibi wale wanne alimweleza kadhi, Shekhe Msabah, kwamba Mwanamwema na Borafya walizaliwa mwaka mmoja, nyumba zikitazamana. Mama yake Mwanamwema alikauka maziwa. Basi mama yake Borafya akawapakata wote wawili, huyu ziwa hili, yule ziwa lile, mpaka wakaacha kunyonya. Wale watatu waliapa vivyo hivyo, neno kwa neno. Hata alipokohoa mwenzao, nao walikohoa.

"Kwa hiyo marehemu alikuwa baba yake wa kunyonya," alisema Borafya. "Ndoa gani hiyo, Shekhe? Mtu na mwanawe." Akatema mate dirishani kwa kinyaa. Babake mwenyewe ndiye aliyekuwa akimtia najisi, na udongo wa kaburi ulikuwa haujakauka.

Kadhi alikunja uso kama aliyevunja yai viza.

"Unafahamu kuwa bibi huyu sasa ni nduguyo, sawa na aliyetoka tumbo moja nawe?"

"Nnafahamu."

"Utaapa?"

Borafya aliapa, mkono juu ya msahafu, huku jicho liko kwenye gramafoni.

Basi, alisema kadhi, ikiwa ndivyo, hapana ndoa, hapana thumni. Bi Mwanamwema hana haki hata ya kijiko katika nyumba ile. Akamwuliza kama ana neno.

Pazia lilitikisika kidogo.

"Sina, Shekhe. Nnauliza tu: huyu Mwatum, mwanangu wa chuo cha kwanza, niliyezaa na mume wangu wa mwanzo, niondoke naye sasa hivi, au amalize kwanza kumpikia mjomba wake?"