Treni ya Mwanza

Kwenye stesheni ya Tabora, mchungaji Mzungu alikuwa amelishika sanduku la Hezroni, hataki kuliachia.

"Rudi Sikonge, mwanangu. Shule yetu ya Biblia inamtosha mhubiri wa vijijini."

"Mimi naitwa kwa wanafunzi wa vyuoni, Mchungaji. Wananiuliza maswali mazito, nami nilichofundishwa hapa ni kuwaambia wanyamaze."

"Hicho chuo cha theolojia cha Uganda kitakujaza kiburi. Ukienda, misheni haikujui tena."

Treni ikalia. Hezroni akaitazama ile mishipa iliyotutumka kwenye mkono wa mchungaji. Sandukuni mlikuwa na nguo zake zote, na blanketi alilopewa na mama yake.

"Basi baki nalo," akasema, akadandia behewa.