Chumvi Nyuma ya Kanisa

Siku ile mjinga alikuwa Papa Rubens. Hata yeye mwenyewe anakubali, lakini umuulize akiwa ameshiba.

Alikuwa amechuchumaa katikati ya mihogo ya watu, suruali ya kazi imejaa vumbi, akimchungulia mwalimu mwenzake. Mama Fortunée, mwalimu wa fizike wa mwaka wa sita, alikuwa nyuma ya kanisa la mabati la mume wake mchungaji, juu ya kilima, ameinamia shimo dogo. Alimwaga chumvi ndani yake, kopo zima. Akafuatisha makaa, akamwagia ndoo ya maji, kisha akanyoosha shingo na kuutazama msalaba wa chuma juu ya paa, muda mrefu, kama mtu anayesubiri jibu.

Papa Rubens nusura apige makofi.

Maana lile darasa la mwaka wa sita alilitamani kuliko alivyoitamani harusi yake. Hao ndio wanaofanya mtihani wa taifa. Anayewafundisha anaitwa Prof hadi sokoni, na akina mama wa ndakala wanamwongezea samaki bila kuombwa. Yeye alikuwa amebaki na mwaka wa tano na chaki zake za rangi. Ni kweli michoro yake ya somo la umeme ilipendeza, mpaka wanafunzi waliona vibaya kufuta ubao. Lakini ndakala hakuongezewa. Na wiki ile prefe, mkuu wa shule, alikuwa anagawa madarasa upya.

Hoja ya Papa Rubens ilikuwa moja: mtu anayefumba macho kuomba kabla ya kufungua kitabu hawezi kuwa mtu wa sayansi. Yeye dini aliiacha siku kwaya ilipomwondoa kwenye sauti ya besi. Tangu hapo akaamini tu vitu vinavyopimika.

Kesho yake, kengele haijalia, alikuwa tayari kwenye biro ya Prefe Barnabé.

"Papa Prefe, mwalimu wako wa fizike anazuia radi kwa chumvi."

"Mwalimu gani?"

"Mama Fortunée. Bwana yake, ule muchungaji, njo alimufundisha. Muntu aliacha kazi nzuri ya umeme kule Bendera akafuata Roho, na sasa wanazindika kanisa kwa chumvi na makaa. Hata waya yao ya nguo ni takatifu. Mama mumoja alianika kitenge pale, wakamukemea kama pepo."

Prefe Barnabé alikuwa Mkatoliki mwangalifu. Mambo hayo hakuyaamini, ila pia hakuyatukana.

"Twende nikaone kwa macho yangu," alisema. "Ikiwa ni kweli, darasa ni lako."

Mchana wakapanda kilima, Papa Rubens mbele, anatembea kama Prof. Nyuma yao ziwa lilikuwa limegeuka kijivu, na mawingu yalikuja haraka juu ya maji. Mama Fortunée walimkuta pale pale, kopo mkononi.

"Karibuni," alisema bila kushtuka. "Munisubiri kidogo. Mvua haijaanza vizuri, huu udongo ungali mukavu. Na udongo mukavu haupokei kitu."

Papa Rubens alimgusa prefe kwa kiwiko. "Umesikia? Mahubiri hayo."

"Na mukiacha kuweka chumvi, Mama?" prefe aliuliza.

"Kuna mwaka tuliacha, Papa Prefe. Tulipoteza mbuzi. Tena mbuzi wa muchungaji."

Papa Rubens alicheka mpaka akashika mbavu. Matone mazito yakaanza kugonga mabati, na wote watatu wakakimbilia ndani. Hapo akapata alichokuwa anakitafuta: paa, prefe, na mpinzani asiye na pa kwenda. Akasimama mbele, mahali pa mchungaji, akakunja mikono ya shati.

"Radi ni umeme," alianza. "Umeme hausali. Hauogopi chumvi, hauogopi muchungaji. Ukitaka kupiga hii nyumba, Mama atafanya nini? Ataukaanga pamoja na samaki? Mimi, muntu wa sayansi, nasimama hapa wazi, na siogopi..."

Radi ikapiga msalaba.

Mwanga ulikuwa mweupe hata misumari ya paa ilionekana mmoja mmoja. Mshindo ulikuja humo humo ndani ya mwanga, benchi zikaruka. Kisha kimya, mvua tu. Hakuna kilichowaka. Hakuna aliyeumia. Mama Fortunée alikuwa anakung'uta vumbi la makaa mikononi. Mahali pa mchungaji palikuwa patupu.

Kutoka chini ya benchi ya kwanza ikapanda sauti nzito, ya besi halisi, ambayo kwaya ilikuwa imeikosa kwa miaka:

"Bwana Yesu, mimi ni wako. Uniweke popote, Baba. Hata kwenye soprano."

Prefe Barnabé alivua kofia, akaishika kifuani. Alitazama juu kwenye paa, akatazama upande wa lile shimo, akamsogelea Mama Fortunée na kupunguza sauti.

"Mama, nami nyumba yangu ni ya mabati. Hiyo chumvi munaiombea maneno gani?"

"Hakuna maneno, Papa Prefe. Chumvi na makaa vinashika maji, udongo usikauke, na ile waya ya kitenge, inayotoka musalabani mpaka shimoni, inapeleka radi chini. Papa Rubens njo anaichora vizuri ubaoni, kila mwaka, na chaki nyekundu. Mambo ya maombi, mimi leo sijaomba. Umuulize ule wa chini ya benchi."