Kakakuona Mlangoni pa Nguchiro

Hapo kale palikuwa na kichuguu chenye mlango mmoja na nguchiro wa vyama viwili. Kakakuona, aliyekimbia moto wa nyika na mwanawe mgongoni, akapiga hodi.

"Karibu, mama, sisi tunakutaka!" alisema Kidevu, mwenyekiti wa chama kimoja. "Ila subiri uchaguzi upite. Ukiingia sasa, kura tutaziombea nini?"

"Sisi hatukutaki," alisema Mkiamrefu wa chama cha pili, "ila usiende mbali. Ukiondoka, watu tutawatisha kwa nani?"

Kakakuona akaketi kizingitini. Alishawaelewa: hao wawili lao moja, abaki papo hapo mlangoni.

Wakiwa ndani wanazomeana, akaja nyoka, swila mwenye sumu, akiwanyemelea watoto wao. Kakakuona akajiviringa juu ya mwanawe, magamba yakaziba mlango wote. Swila akauma, meno yakateleza. Akauma tena, jino likakatika, akaenda zake.

Kakakuona alipojikunjua, nguchiro walitoka mmoja mmoja, wakayagusa yale magamba. 

"Siku zote tunagombana mlango ufunguliwe au ufungwe," akanong'ona bibi kizee wao, "kumbe mlango wenyewe ni huyu tuliyemwacha nje."

Mtoto wa kakakuona akachungulia, akaingia ndani. Hakuna aliyemuuliza chama.