Rudia, Sikuona

Wanunuzi wa timu kubwa walishawapima wadakaji wa chuo viganja na mapaja, kama ng'ombe mnadani. Likabaki jaribio la mwisho: mpira unarushwa juu, mdakaji anaunyooshea mikono, na beki anamjia mbio ubavuni. Anayeung'ang'ania ndiye anayepata timu.

Lubuva aliudaka. Beki akamkita kwa bega, kitu kikavunjika ndani, akaanguka ameukumbatia huku akitema damu.

"Rudia, mwanangu," mnunuzi Tindwa akasema, kikombe cha chai mkononi. "Nilikuwa natia sukari, sikuona."

Wenzake kivulini wakacheka.

"Ubavu umevunjika, mzee."

"Mbavu unazo tele. Kama huwezi, waachie wanaume."

Mwaka jana mdakaji mwenzake, Kigosi, aliambiwa arudie vivyo hivyo, na mpaka leo mama yake anamlisha uji kwa kijiko. Waliocheka walikuwa hawahawa. Lubuva akajizoazoa, akasimama, akauvurumisha mpira juu kabisa kuelekea kivulini.

"Basi daka wewe, mzee!"

Chai ikamwagika. Tindwa akainua mikono yote miwili, macho angani, na Lubuva alikuwa ameshaanza kukimbia.