Shimo Uani kwa Dada

Mhandisi alimimina ndoo nzima ya maji kwenye shimo alilochimba uani kwa dada yake, aone ardhi inayanyonya kwa kasi gani. Mtaa mzima ulijengwa juu ya kinamasi kilichofukiwa, na hapo uani ndipo ingepandwa bustani ya kumeza maji ya mvua yasituame.

Maji yalitulia. Kisha jani kavu lililokuwa likielea likaanza kupanda polepole, mpaka likagusa ukingo.

Hakuwa ameongeza hata tone.

"Yanaingia?" dada yake aliuliza kutoka dirishani, mtoto begani. "Usinitie presha, mdogo wangu. Tumehamia juzi tu."

Ukuta wa nyumba bado ulinukia rangi.

"Yanaingia," alijibu mhandisi, akasogea kulikinga shimo dada asilione.

Soksi zake zilianza kulowa.