Dereva wa Jikoni

Gari lilikuwa likimpeleka mke wangu, Mwanakombo, kazini lenyewe, lakini kisheria dereva ni mimi mwenye leseni, nami nilikuwa jikoni nasukuma chapati. Kila lilipotaka kupenya mahali pembamba, simu yangu ililia: "Zimebaki sentimita nne. Unakubali kuwajibika?" Magari yananenepa kila mwaka na barabara ni zilezile, kwa hiyo asubuhi hiyo ilikuwa imelia mara kumi na mbili. Nilikubali zote kwa kidole chenye unga. Chapati tatu ziliungua.

Ilipolia tena, Mwanakombo naye akapiga.

"Baba Rehani, bonyeza basi. Tumesimama, watu wanatupigia honi."

"Chapati inaungua, mama."

"Iache iungue. Mimi nikichelewa leo naandikiwa barua."

Nikafuta kidole na, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza, nikasoma. Iliandikwa: "Kuna mtu mbele. Huenda akawahi kupisha. Unakubali kuwajibika?"

"Mama Rehani, mbele kuna nani?"

"Nitajuaje? Boneti lenyewe limenizidi urefu."

"Shuka uangalie."

"Nikishuka safari inafutwa. Siku zote unabonyeza tu, leo una nini?"

"Shuka, nakuomba."

Alisonya, kisha nikasikia mlango ukifunguka. Wakati namsubiri, nikafungua zile kumi na mbili nilizokwisha kukubali, nikazisoma moja moja.

Ya nane nayo ilikuwa na mtu.